Iafoni za bei nafuu au za bei ghali? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wanaosikiliza wakiwa njiani: kwenye basi, kwenye treni, wakitembea, wakisubiri foleni isogee. Iafoni zinazozungumziwa ni zile za kuchomeka ndani ya tundu la sikio, zenye vimpira laini kwenye ncha. Hedifoni kubwa za kufunika sikio zina mambo yake. Hapa nitazigusa kwa kupita tu.

Iafoni ya bei mara kumi ina sauti nzuri mara kumi?

Hapana. Mara nyingi haifiki hata mara mbili, na wakati mwingine ni mbaya zaidi. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa vipimo vya hedifoni na iafoni 283. Alitaka kujua kama bei inaendana na namna chombo kinavyogawa sauti, kuanzia besi nzito hadi sauti nyembamba za juu kabisa. Uhusiano hakuuona. Hiyo si kusema kwamba zote zinasikika sawa, kwani zinatofautiana sana. Ni kwamba ukitajiwa bei peke yake, huwezi kubashiri utakachosikia.

Mimi naiona bei ya iafoni kama ngazi ambayo vidato vyake havilingani. Kidato cha kwanza ni kirefu: unatoka kwenye zile zisizo na jina, zinazong'oka waya kabla mwezi haujaisha, unafika kwenye zile za bei nafuu zilizotengenezwa na watu wanaojua wanachofanya. Hapo hata mtu asiyejali muziki anashtuka. Kidato cha pili ni kifupi. Kuanzia cha tatu unahitaji chumba kimya, wimbo unaoujua kwa ghibu, na uvumilivu wa kurudia sekunde kumi zilezile mara nane. Ndani ya basi hutasikia kitu.

Lakini si husemwa kwamba rahisi ni ghali?

Husemwa, na kwa viatu nakubali. Kwa iafoni, msemo huo ulikuwa na nguvu zaidi zamani. Kampuni ya Etymotic ilipotoa iafoni yake ya ER-4 mwaka 1991, iafoni ndogo yenye sauti iliyopimwa kwa uangalifu ilikuwa kitu cha wachache, chenye asili katika teknolojia ya vifaa vya kusaidia kusikia. Aliyetaka sauti safi ndani ya sikio hakuwa na mlango mwingine.

Mambo mawili yalibadilika. Kwanza, elimu ilitoka hadharani. Katika miaka ya 2010 Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman waliwasikilizisha watu wengi sauti mbalimbali, wakachora mstari wa mgawanyo wa sauti ambao wasikilizaji wengi waliupenda. Mstari huo ulichapishwa. Leo mhandisi wa kiwanda kidogo hahitaji kubahatisha: anaweka iafoni kwenye sikio bandia la kupimia, anatazama mchoro, anarekebisha matundu na vichujio mpaka mchoro ukaribie lengo. Pili, kispika kimoja chenye utando mwembamba ni rahisi kutengeneza kwa wingi, na viwanda vya China vinavitoa kwa mamilioni. Gharama ya kukipanga vizuri haizidi sana gharama ya kukipanga vibaya. Ndiyo maana majina kama Moondrop, 7Hz na Truthear yameweza kuuza iafoni za bei ya chini zenye mpangilio wa sauti ambao baadhi ya kampuni kubwa hawaufikii kwenye bidhaa zao za kifahari.

Nimenunua za ghali, mbona hazina besi?

Swali hili naliweka juu kwa sababu jibu lake linaokoa pesa kuliko majibu mengine yote kwenye ukurasa huu.

Iafoni ya ndani ya sikio hutegemea hewa iliyofungiwa. Kispika chake ni kidogo mno. Kinaweza kutoa besi nzito kwa sababu tu kinasukuma hewa ndani ya nafasi ndogo iliyozibwa, kati yake na ngoma ya sikio. Kukiwa na upenyo, hata mwembamba kama unywele, besi inavuja. Kinachobaki ni sauti za kati na za juu, nawe unasema iafoni ni nyembamba, ni kali, ina sauti ya redio ya zamani. Hapo kasoro iko kwenye kimpira.

Nililipa ada ya ujinga kwenye somo hili. Niliwahi kununua iafoni ambayo wahakiki wote waliisifu kwa besi yake, nikaisikiliza wiki mbili nikiwa na hasira, nikaiuza kwa hasara. Mwaka uliofuata rafiki aliyeinunua akanipa niisikilize tena, yeye akiwa ametia vimpira vikubwa zaidi. Besi ilikuwepo muda wote. Mimi nilikuwa nimevaa saizi ya kati kwa sababu ndiyo iliyokuja imechomekwa tayari, na sikio langu la kushoto ni pana kuliko la kulia. Watu wengi wana masikio yasiyolingana, na hakuna sheria inayokukataza kuvaa saizi mbili tofauti.

Jaribu hivi. Cheza wimbo wenye besi ya kuendelea, kisha sukuma iafoni ndani kidogo kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, sikio lilikuwa halijazibwa. Panda saizi moja. Bado? Jaribu vimpira vya sponji, vile vya kufinya kwanza kisha vikavimba vyenyewe ndani ya sikio: vinaziba vizuri, ila vinachakaa haraka na hupunguza kidogo ukali wa sauti za juu. Wakati wa kuchomeka, vuta sehemu ya juu ya sikio kwa mkono wa pili ili njia inyooke.

Kina cha kuchomeka nacho kina neno lake. Iafoni ikikaa juujuu, mlio wa mrindimo ndani ya njia ya sikio huangukia mahali pengine kwenye sauti za juu, na herufi "s" za mwimbaji zinaanza kuchoma. Isogeze ndani milimita chache na ukali unaweza kuhama au kutulia. Ndiyo sababu watu wawili wenye iafoni ileile wanabishana bila kupatana. Kila mmoja anasikia kitu tofauti kweli.

Boksi limeandika DD, BA, "planari", mara vispika vitano kila upande. Vingi ndiyo bora?

Si lazima. DD ni kispika cha kawaida: koili, sumaku na utando unaotikisika, sawa na spika ya redio iliyopunguzwa umbo. Kina besi ya asili na ni nafuu. BA ni ulimi mdogo wa chuma uliowekwa katikati ya sumaku, teknolojia iliyotoka kwenye vifaa vya kusaidia kusikia. Ni kidogo sana na hakihitaji umeme mwingi, lakini kimoja peke yake hupata taabu kufunika sauti zote kwa usawa, kwa hiyo hupangwa viwili, vitatu au zaidi. Planari ina utando bapa wenye njia za umeme zilizochapwa juu yake.

Shida ya kuweka vispika vingi ni kuvigawia kazi. Mmoja achukue besi, mwingine sauti za kati, na wasigombane pale wanapokutana. Ikifanywa vizuri ni kazi ya sanaa. Ikifanywa kwa ajili ya kuandika namba kubwa kwenye boksi, sauti ya mwimbaji inatoka kama imegawanywa vipande. Kwa mfano wa pande zote mbili: Shure SE846 ina BA nne kila upande, Sennheiser IE 900 ina DD moja tu ya milimita 7, na zote ziliuzwa kama bidhaa za juu kabisa. Kwa bei ya chini mimi huchagua kispika kimoja kilichopangwa vizuri bila kufikiri mara mbili.

Na ile "20 hadi 20,000 Hz"?

Ipuuze. Iko karibu kwenye kila boksi kwa sababu ndiyo mipaka inayotajwa ya usikivu wa binadamu. Haikuambii ni kwa nguvu gani kila sauti inatoka, na hilo ndilo swali.

Sasa pesa ya ziada inanunua nini?

Inanunua vitu vya kweli, ila vingi si vile vinavyotajwa kwenye tangazo.

Inanunua waya unaochomoka. Iafoni nyingi hufa kwenye waya, hasa pale unapoingia kwenye jeki au kwenye ganda la sikio. Kama waya unachomoka, unabadilisha waya na maisha yanaendelea. Habari njema ni kwamba hata baadhi ya zile za bei nafuu sasa zina waya wa aina hiyo, wa pini mbili au wa MMCX (kichomeko kidogo cha duara), basi itazame hiyo kabla ya kutazama rangi.

Inanunua usawa wa kushoto na kulia. Kiwanda kinachopima kila jozi na kuoanisha vispika kinatoa picha ya sauti iliyokaa katikati. Kwenye za rahisi unaweza kupata jozi nzuri kama lulu, na mwenzako akapata ambayo mwimbaji anaegemea kulia kidogo. Hapo unacheza bahati nasibu.

Inanunua umbo. Ganda lililochongwa vizuri unalisahau sikioni. Baya linakuuma baada ya nusu saa hata kama linaimba kama malaika. Lakini hapa pia bei hudanganya, kwa maana iafoni za kifahari zenye vispika vingi huwa na maganda makubwa, na mwenye sikio dogo anateseka nazo. Faraja ni ya sikio lako wewe, hakuna mhakiki anayeweza kukusaidia.

Inanunua, ndiyo, na sauti pia. Iafoni nzuri ya juu hutenganisha ala zikiwa zimerundikana: gitaa la pili nyuma ya la kwanza, mwimbaji wa pembeni anayevuta pumzi, mkia wa mwangwi unaopotea taratibu badala ya kukatika. Sauti za juu kabisa, zile za matoazi, ndipo za bei nafuu hukwama mara nyingi. Zinakuwa kavu au zenye mchanga. Mtu anayesikiliza nyumbani usiku, taa zimezimwa, atavifurahia vitu hivyo. Siwabezi hata kidogo, ni wenzangu. Ninachokataa ni kumwambia msafiri wa basi kwamba atasikia mkia wa mwangwi huku injini inanguruma chini ya kiti chake.

Vilevile inanunua dhamana, boksi zuri, na jina. La mwisho uamue mwenyewe lina thamani gani.

Waya au Bluetooth?

Kwa pesa ileile, waya unashinda kwa sauti. Hesabu yake ni rahisi: iafoni ya Bluetooth ni kispika pamoja na betri mbili, redio, kompyuta ndogo, maikrofoni na kisanduku cha kuchajia chenye betri ya tatu. Vyote hivyo vinakula kwenye bajeti. Iafoni ya waya ya bei hiyohiyo inatumia karibu kila senti kwenye ganda, kispika na waya.

Lakini sauti si kila kitu. Tangu Apple walipoondoa tundu la jeki kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na kuleta AirPods mwaka huohuo, watu wengi wameonja uhuru wa kutokuwa na waya na hawarudi nyuma, nami siwalaumu. Waya unanasa kwenye mkoba, unanasa kwenye kitasa cha mlango, unang'oa iafoni sikioni mbele za watu.

Kinachonisumbua kuhusu Bluetooth ni umri. Betri zile ni ndogo kama punje, zinachajiwa na kuisha kila siku, na baada ya miaka miwili mitatu ya matumizi mazito zinashika chaji nusu ya zamani. Nyingi zimegundishwa ndani, hazibadilishiki. Kwa hiyo iafoni ya Bluetooth ya bei ya juu ni kitu cha kifahari chenye tarehe ya kufa. Ya waya, ukiitunza, inaweza kukuzika. Ndiyo maana ushauri wangu unaenda kinyume na desturi: ukitaka kutumia pesa nyingi, ziweke kwenye waya; Bluetooth nunua ya kati, ukijua utaibadilisha.

Kuna kero moja zaidi. Ukipiga simu au ukiingia kwenye mchezo unaowasha maikrofoni ya iafoni, sauti unayosikia hushuka ghafla na kuwa kama ya simu ya zamani. Sio iafoni iliyoharibika. Kwa Bluetooth ya kawaida, njia ya kusikia na kuongea kwa pamoja ni nyembamba kuliko ile ya kusikia tu.

LDAC, aptX, AAC: nizijali?

Kidogo sana. Hizo ni kodeki, yaani namna simu inavyobana sauti kabla ya kuirusha. LDAC ya Sony hufika kilobiti 990 kwa sekunde, SBC ya kawaida hufika takribani 328, na karatasi inaonyesha pengo kubwa. Sikioni, kimpira kisichoziba kinaharibu zaidi ya kodeki yoyote. Tena LDAC hupunguza kasi yenyewe mawasiliano yakiwa mabaya, kwa mfano kwenye umati wenye simu nyingi, na iPhone haziitumii kabisa. Ukikuta iafoni unayoipenda ina kodeki nzuri, chukua. Usiichague kwa sababu hiyo.

Simu yangu haina tundu la jeki. Nimefungiwa nje ya waya?

Hapana, adapta ndogo ya USB-C inatosha. Ila zipo za aina mbili. Moja ina kigeuzi ndani, ambacho wauzaji hukiita DAC, kinachobadilisha namba za kidijitali kuwa umeme wa sauti. Nyingine ni waya mtupu unaotegemea simu ifanye kazi hiyo, na simu nyingi haziifanyi; ukichomeka, kimya. Tafuta yenye DAC. Ile adapta ndogo nyeupe ya Apple ya USB-C ni mfano mzuri: haina sura ya kutisha, lakini imepimwa na wengi na sauti yake ni safi kwa iafoni karibu zote. Angalizo kwa wenye Android: baadhi ya simu huiendesha kwa sauti ya chini, na usukani wa sauti hauifikishi mwisho.

Kuhusu vikuza sauti vikubwa vya kubeba mfukoni, iafoni za ndani ya sikio kwa kawaida hazivihitaji. Nyingi zina ukinzani wa ohm 16 hadi 32 na zinaitika kwa umeme kidogo sana. Tatizo la kawaida ni kinyume chake: iafoni nyepesi kuitika ikichomekwa kwenye kikuza chenye nguvu hutoa mvumo wa "shhh" nyuma ya muziki. Na zile zenye BA nyingi hubadilika tabia zikiunganishwa na chombo chenye ukinzani mkubwa wa kutolea, sauti inahama kutoka vile mtengenezaji alivyoipanga. Chombo kidogo, safi, chenye ukinzani wa chini: hilo ndilo hitaji.

Je, ninunue zenye ANC kwa ajili ya safari?

Inategemea kelele yenyewe. ANC, yaani teknolojia ya kufuta kelele, husikiliza kelele ya nje kwa maikrofoni, kisha inatengeneza wimbi kinyume chake ili viuane. Inafanya kazi vizuri kwenye ngurumo nzito za kuendelea: injini ya ndege, treni, kiyoyozi. Kwenye sauti za ghafla na za juu, kama mtoto anayelia au watu wanaozungumza kiti cha nyuma, msaada wake ni mdogo, na hapo kinachofanya kazi ni kimpira kilichoziba.

Iafoni ya waya yenye vimpira virefu vya kuingia ndani inazuia kelele nyingi bila betri, pengine kuliko ANC ya bei rahisi. Na ANC ya bei rahisi ndiyo mahali ambapo nakubali kabisa kwamba rahisi ni ghali. Maikrofoni hafifu huvuta upepo, inazuia kidogo, na wakati mwingine inabadilisha sauti ya muziki unapoiwasha. Kama ndege au treni ni maisha yako ya kila wiki, hapa ndipo pa kulipa zaidi.

Ikwalaiza inaweza kugeuza iafoni nafuu kuwa ghali?

Ikwalaiza, yaani programu ya kupandisha au kushusha besi, sauti za kati na za juu kila moja peke yake, inaweza kukupeleka mbali kuliko unavyodhani. Kama kasoro ni besi iliyozidi au ukali wa juu, ikwalaiza inazirekebisha bure. Upo mradi wa wazi unaoitwa AutoEq wenye marekebisho tayari kwa maelfu ya hedifoni na iafoni, na kwenye Android programu ya Wavelet hutumia data hizo. Unachagua jina la iafoni yako, unawasha, basi.

Mipaka ipo. Ikwalaiza haizibi sikio, hailainishi ganda, haioanishi kushoto na kulia kwa urahisi. Na ukinyanyua besi, punguza sauti ya jumla kwanza, la sivyo muziki utaanza kupasuka. Anza kwa kupunguza kinachokera kabla ya kuongeza kinachokosekana.

Nikiwa na faili za MP3, iafoni ghali si itapotea bure?

MP3 ya kilobiti 320 iliyobanwa vizuri ni ngumu mno kuitofautisha na faili isiyobanwa, hata kwa iafoni za juu, mtu akijaribiwa bila kujua anachosikiliza. Faili ya kilobiti 96 ni jambo jingine. Mchanganyiko mbaya uliofanywa studio, ndio unaosikika zaidi ya yote, na iafoni nzuri itakuonyesha bila huruma.

Zinahitaji kuchezwa saa mia ndipo zilainike?

Sijawahi kuona sababu ya kuamini hivyo. Kinacholainika ni ubongo wako. Ukitoka kwenye iafoni yenye besi nzito kwenda kwenye iliyo sawia, siku ya kwanza unaona umeibiwa. Siku ya tano ile ya zamani ndiyo inasikika kama imefunikwa blanketi. Yape masikio wiki moja kabla ya kutoa hukumu, na itumie ndani ya muda wa kurudisha bidhaa.

Nilinganisheje jozi mbili bila kujidanganya?

Sawazisha sauti kwanza. Ubongo huipenda yenye sauti kubwa zaidi na kuiita "yenye uhai", hata tofauti ikiwa desibeli moja au mbili. Duka likikupa ya bei ya juu huku imefunguliwa zaidi, tayari umeshauziwa. Kisha tumia nyimbo tatu tu unazozijua, mojawapo iwe na mtu anayeimba na ala chache. Sauti ya binadamu tunaijua tangu tumboni, kasoro hujionyesha hapo haraka. Badilisha upesi, kwa maana kumbukumbu ya sauti hufutika ndani ya sekunde.

Halafu, na hili watu hulisahau, zisikilize mahali utakapozitumia. Niliwahi kukesha nikilinganisha jozi mbili chumbani, nikaandika kurasa mbili za tofauti. Asubuhi nikapanda basi nazo. Kurasa zile zote ziliyeyuka, ikabaki tofauti moja: mojawapo ilikuwa inaziba kelele vizuri zaidi. Ilikuwa ya bei ya chini.

Vipi usalama wa masikio?

Shirika la Afya Duniani linatoa kipimo cha wiki: desibeli 80 kwa saa 40. Kila sauti inapopanda, saa hupungua kwa kasi. Ukifika desibeli 90, unabaki na saa 4 tu kwa wiki nzima. Kwa watoto kipimo ni desibeli 75 kwa saa 40.

Hapa ndipo iafoni mbaya inapogharimu kweli. Isiyoziba inakulazimisha kuishinda kelele ya barabara, nawe unapandisha sauti bila kujua. Inayoziba, hata ya bei nafuu, inakuruhusu kusikiliza chini. Kigezo changu: nikishaweka sauti nikiwa pakimya, siiongezi nikifika penye kelele zaidi ya kidogo. Nikihitaji kuiongeza sana, natafuta kimpira kingine. Ukisikia masikio yanalia baada ya kuvua, ulizidisha. Na ukiwa unatembea kando ya barabara, toa moja.

Za kukimbilia?

Ndani ya sikio lililozibwa utasikia visigino vyako vikigonga kama ngoma, na waya ukisugua shati unasikika pia. Kupitisha waya juu ya sikio hupunguza msuguano huo. Kwa kukimbia ninachagua Bluetooth ya bei nafuu yenye kinga ya jasho, IPX4 au zaidi, na ndiyo nafasi pekee ambapo sijali kabisa ubora wa sauti.

Ungekuwa wewe, ungenunua nini?

Ningenunua ya waya ya bei nafuu, kispika kimoja, waya wa kuchomoka, yenye mchoro wa sauti uliopimwa na watu huru. Ningeongeza pakiti ya vimpira vya saizi na aina mbalimbali, na adapta ndogo yenye DAC kama simu haina tundu. Ningekaa nayo miezi kadhaa. Baada ya hapo, kama naweza kutaja kasoro yake kwa maneno, kwa mfano "matoazi yanachoma", "ganda linaniuma", "siwezi kusikia besi ya chini kabisa", basi najua nalipia nini ninapopanda ngazi. Kama ninachoweza kusema ni "nataka iliyo bora" tu, sinunui.

Upande mmoja umeanza kusikika chini. Nitupe?

Ngoja kwanza. Chomoa kimpira utazame wavu mdogo kwenye mdomo wa iafoni chini ya taa. Mara nyingi ni nta ya sikio imeziba. Geuza iafoni mdomo uangalie chini, sugua wavu taratibu kwa mswaki laini mkavu ili uchafu uanguke nje usiingie ndani. Usitumie sindano, na usimwage maji. Vimpira vyenyewe unaweza kuviosha kwa sabuni, ila vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Bado iko chini? Badilisha waya upande kwa upande kama unachomoka: tatizo likihamia upande wa pili, ni waya, na waya ni wa bei ndogo.